Gari Lililokataa Kuwaka Kila Jumatatu

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, na kwa umri wake limetutendea wema mwingi. Siku za kazi hunipeleka Mambrui, ninakofundisha, na kunirudisha Malindi mjini, mwendo wa dakika 20 hivi kwa kupita daraja la mto Sabaki. Na mama anapokuwa na miadi ya kliniki Mombasa, hutufikisha huko, kilomita zipatazo 120, na kuturudisha jioni yake. Lilipoanza kukataa kuwaka asubuhi, karibu kila aliyelitazama alinipa jibu moja: betri imechoka, nunua nyingine. Jibu hilo sisi wenye magari ya zamani hapa pwani tunalisikia mara nyingi mno. Kwa gari langu lilikuwa na ukweli nusu tu, na ile nusu iliyokosekana ndiyo iliyokuwa ikila pesa.

Tabia ya gari ilikuwa hivi. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa liliwaka, ingawa baadhi ya asubuhi stata, mota inayozungusha injini ili iwake, ilizunguka kwa uzito. Jumatatu alfajiri, baada ya kulala uani tangu Ijumaa jioni, nilizungusha ufunguo nikasikia mlio wa ta-ta-ta tu, taa za dashibodi zikafifia, na kimya kikafuata. Kwa kuwa ni gari la gia za mkono, vijana wa mtaani walilisukuma likashika, nikaenda kazini nikiwa nimechelewa, na juma lile likapita bila tatizo jingine. Jumatatu iliyofuata mambo yakawa yale yale.

Fundi wa gereji ya karibu alipima altaneta, kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri, injini ikiwa inaunguruma, akaona volti 14.1, akasema inaingiza moto, yaani chaji, vizuri. Kipimo chake kilikuwa sahihi, kwa maana altaneta nzima huchaji kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Akahitimisha kwamba ikiwa altaneta inachaji na betri haikai na moto, basi betri imekufa. Tukanunua mpya. Wiki chache tu baadaye betri mpya nayo ikalala Jumatatu, na fundi akaanza kusema kwamba betri za siku hizi hazina ubora. Huenda baadhi hazina. Lakini betri mbili za makampuni mawili tofauti kufa kwa mtindo mmoja, siku moja ya juma, ni ishara kwamba shida haimo ndani ya betri. Nilikataa kununua ya tatu, nikaenda kumwona jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya umeme wa injini za maboti kwa miaka mingi, ambaye tangu utoto wangu namwita Ami.

“Shikamoo, Ami. Nimekuja na maneno ya gari.”

“Marahaba, mwanangu. Betri ya pili hiyo, nasikia.”

“Ya pili, na sasa wanataka ninunue ya tatu.”

“Pipa likivuja, kulijaza tena hakusaidii; hutafutwa ufa. Ijumaa ukirudi kazini, fungua hasi ya betri uiache hivyo mpaka Jumatatu. Kisha njoo uniambie limefanyaje.”

Jaribio hilo linataka spana namba 10 tu, na sioni kwa nini lisiwe la kwanza kufanywa na kila mtu ambaye gari lake linalala. Hufunguliwa upande wa hasi na si wa chanya, kwa sababu bodi yote ya gari imeungwa na hasi: spana iliyoshika kichwa cha chanya ikigusa bodi kwa bahati mbaya, umeme wote wa betri hupita hapo kwa cheche kali, na mtu anaweza kuungua. Hasi ikishafunguliwa, betri inakuwa imetengwa na gari. Ikiwa Jumatatu bado haina nguvu, betri yenyewe ni mbovu. Ikiwa ina nguvu, betri haina kosa, na ndani ya gari kuna kitu kinachoinyonya wakati kila kitu kinadhaniwa kimezimwa.

Jumatatu ile nilirudisha hasi, nikazungusha ufunguo, na injini ikashika mara moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimepima betri ikasoma volti 12.5. Inafaa namba hizi mtu awe nazo kichwani, kwa sababu tofauti zake ni ndogo na zinadanganya. Betri ya gari ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu, ikifika 12.0 imebaki kama robo. Na chini ya hapo, kwa kazi ya kuzungusha stata, ni kama haina kitu. Mtu akiona 12.0 hudhani bado ni volti 12 kamili na betri iko salama, kumbe robo tatu ya moto imekwisha. Tena betri ipimwe ikiwa imetulia kwa saa kadhaa, kwani mara tu baada ya safari husoma juu kuliko hali yake halisi.

Sasa tulijua kwamba ufa umo garini, ila hatukujua uko wapi. Kabla ya kuingia kwenye nyaya, Ami alitaka betri isafishwe, na hapo alinionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alichomeka waya mweusi wa mita ya kupimia umeme kwenye kichwa cha hasi, kisha ncha ya waya mwekundu akaiburuza juu ya mfuniko wa plastiki, mahali ambapo hapana chuma wala waya. Mita ikasoma volti mbili na kitu, na kadiri ncha ilivyosogea karibu na chanya, namba ikapanda. Juu ya mfuniko kulikuwa na utando mwembamba wa vumbi, unyevu na mvuke wa asidi uliogandamana, na juu yake chumvi ambayo upepo wa kusi huileta kutoka baharini hata ndani ya boneti. Utando huo ulikuwa njia ya umeme. Tuliuosha kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa soda ya kuokea, tukiangalia yasiingie ndani ya betri, tukakausha kwa kitambaa, tukasugua unga wa kijani uliokula klempu, na mwisho tukapaka vichwa mafuta ya mgando ili hewa ya chumvi isivifikie tena. Ncha ilipoburuzwa mara nyingine, mita ilisoma sifuri. Mvujo wa namna hii ni mdogo, hauwezi peke yake kulaza betri kwa siku mbili au tatu. Lakini kwa gari linaloishi karibu na bahari haufai kuachwa, na usipoondolewa kwanza huchanganya vipimo vyote vinavyofuata.

Kazi kubwa tuliifanya usiku, baada ya Isha, na usiku huo Ami aliuchagua kwa makusudi. Joto limepungua, na katika giza taa yoyote iliyosahaulika itaonekana, hata ikiwa ni mwanga mdogo unaopenya kwenye mwanya wa buti. Tulifungua boneti. Mlango wa dereva tuliuacha wazi ili tufikie boksi la fyuzi lililo chini ya dashibodi, lakini komeo lake Ami alilisukuma kwa bisibisi mpaka likajifunga kana kwamba mlango umefungwa, na swichi ndogo ya taa ya ndani, ile yenye kitufe cha mpira kwenye fremu, akaikandamiza kwa kipande cha mbao na utepe. Bila hatua hiyo mtu atapima taa ya ndani na kudhani amempata mwizi. Ufunguo ulitolewa, ukawekwa barazani.

Kisha mita. Waya mwekundu ulikuwa kwenye tundu la kupimia volti. Ami aliuchomoa, akauhamishia kwenye tundu lililoandikwa 10A, akanitaka nisome maandishi hayo kwa sauti kabla hatujaendelea. Sababu yake ni kwamba volti hupimwa kwa kugusa sehemu mbili kutoka nje, lakini ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, hupimwa kwa kuufanya umeme wenyewe upite ndani ya mita. Tundu la miliampea kwa kawaida lina fyuzi ndogo sana, na umeme ukizidi kidogo tu fyuzi hiyo huungua. Hata tundu la ampea 10 lina mpaka wake: mita ikiwa njiani, hairuhusiwi kuzungusha ufunguo wala kuwasha taa kubwa, kwa sababu stata peke yake huvuta ampea zaidi ya mia. Tuliitoa hasi ya betri, ncha moja ya mita ikashikizwa kwenye klempu iliyotolewa, nyingine kwenye kichwa cha betri, na umeme wote uliotoka betrini ukawa hauna pengine pa kupita.

Tulingoja dakika kadhaa namba itulie. Kwa gari la miaka ile hazihitajiki nyingi. Magari mapya yenye kompyuta nyingi huweza kuchukua nusu saa au zaidi kabla ya vyote kulala, na anayepima kwa haraka hupata namba ya uongo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkeka kando ya bampa, mita mapajani, tochi mkononi, na kazi yake ilikuwa kusoma.

“Pointi tatu saba,” akasema.

Ampea 0.37. Gari la umri huu likiwa limezimwa huvuta kati ya ampea 0.02 na 0.05, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya redio na king'ora. Letu lilikuwa likivuta zaidi ya mara saba ya kiwango cha juu. Hesabu ya Jumatatu ikajieleza yenyewe: tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri ni saa 60 hivi, na 0.37 mara 60 ni ampea-saa 22, yaani karibu nusu ya betri yetu ya ampea-saa 45. Usiku mmoja wa katikati ya juma ulikula ampea-saa tano hivi, na safari za Mambrui zilirudisha sehemu kubwa yake, ndiyo maana gari liliendelea kuwaka. Lakini safari hizo fupi hazikuwahi kuijaza betri kabisa, hivyo kila Ijumaa iliingia mapumziko ikiwa tayari na upungufu, na hiyo nusu ya ziada ikaimaliza.

Namba 0.37 ilitupeleka kwanza mahali pasipo. Balbu ya wati 5, kama ile ya buti, huvuta takriban ampea 0.4 kwa volti 12, na taa ya buti isiyozimika ni kisa kinachojulikana sana: swichi yake hulegea, mfuniko ukifungwa taa inabaki imewaka, na hakuna anayeiona kwa kuwa mfuniko umefungwa. Sote wawili tuliamini ndiyo hiyo. Niliweka simu ndani ya buti ikirekodi video, nikafunga, nikahesabu polepole, nikafungua. Video ilikuwa giza tupu. Nilifanya hivyo hivyo kwa kisanduku cha dashibodi, nacho kikawa giza. Namba inayolingana na mshukiwa bado si ushahidi, na mtu akiridhika na ulinganifu huo anaweza kubadilisha swichi nzima bure.

Basi tukaingia kwenye fyuzi. Utaratibu ni wa kuondoa moja, kusoma mita, kuirudisha, kisha kwenda kwenye inayofuata. Na ni vizuri kuanza na boksi la ndani na kumaliza na lile la upande wa injini, kwa kuwa lile la injini hubeba njia kubwa zinazolisha lile la ndani. Mimi nilichomoa, Ami alishika tochi ya pili na kuangalia nisichanganye nafasi, mama akasoma.

“Tatu saba. Tatu saba. Tatu saba.”

Ilikuwa kazi ya kuchosha, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Nilipochomoa ile iliyoandikwa DOME, ya taa ya ndani na vitu vidogo vinavyoshiriki njia yake, mama akasema, “Tatu tano.” Nilifurahi kabla ya wakati. Ami akatikisa kichwa: tofauti ya 0.02 ni saa na kumbukumbu ya redio, na hiyo ni haki yao. King'ora, ambacho mwenye gari wa kabla yetu alikiunga moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake ndogo pembeni, kilikuwa na 0.01. Hatukupata kingine. Mwishowe tulichomoa fyuzi zote kwa pamoja, tukazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa boksi, na mita ikaendelea kusoma 0.34 kana kwamba hatujagusa kitu.

Nilidhani tumeshindwa. Ami aliona kinyume, na nadhani somo kubwa la usiku ule limo katika jinsi alivyolipokea jambo lile. Fyuzi zote zikiwa mezani na umeme bado unapita, maana yake si kwamba kipimo kimekosea. Maana yake ni kwamba umeme unapita njia isiyo na fyuzi za kuchomoa, na njia za namna hiyo garini ni chache. Waya mnene wa stata ni mmoja. Wa pili ni ule wa altaneta, ambao katika gari hili hupitia fyuzi kubwa ya ampea 100 iliyofungwa kwa skrubu ndani ya boksi, na ambayo kwa hiyo hatukuwa tumeitoa. Vitu zaidi ya ishirini vilikuwa vimeondolewa katika orodha ya washukiwa kwa saa moja, vikabaki viwili.

Tulianza na altaneta. Kwanza mita iliondolewa na hasi ikabaki wazi, kwa sababu nati ya waya ule mnene huwa na moto wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa ndani ya nyumba. Nyuma ya altaneta kuna kofia ndogo ya mpira; ya kwetu ilikuwa imekauka na kupasuka, na chini yake nati ilikuwa imefanya kutu nyeupe ya chumvi. Niliifungua, nikautoa waya, na kichwa chake tukakifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kisiguse chuma chochote. Tukarudisha fyuzi zote mahali pake, tukaunga mita upya.

Mama akaisogeza tochi karibu. “Sifuri pointi sifuri tatu,” akasema, kisha akarudia kama mtu aliyedhani amesoma vibaya.

Gari lote, pamoja na saa, redio na king'ora, lilikuwa likivuta 0.03. Ile 0.34 nyingine ilikuwa ikipita ndani ya altaneta.

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu swali ambalo fundi aliniuliza kesho yake ni la haki: altaneta inayochaji volti 14.1 inawezaje kuwa ndiyo inayonyonya betri? Altaneta huzalisha umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, na betri haiwezi kuchajiwa na umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo ndani yake mna dayodi, sita au zaidi, ambazo huruhusu umeme upite upande mmoja tu. Injini ikiwaka, dayodi hupeleka umeme betrini. Injini ikizimwa, dayodi hizo hizo huzuia umeme wa betri usirudi. Dayodi iliyochoka inaweza kuendelea kupitisha vizuri kuelekea mbele na papo hapo ikawa inavujisha kidogo kurudi nyuma. Mvujo wa theluthi moja ya ampea si kitu mbele ya makumi ya ampea ambazo altaneta huzitoa, hivyo kipimo cha kuchaji hakiuoni hata kidogo. Fundi alipima kazi ya mchana ya altaneta, na kazi ya mchana ilikuwa nzima.

Kuna jambo zaidi ambalo Ami alilifafanua kwa kuchora juu ya ukingo wa gazeti. Umeme unaorudi kutoka betrini hadi kwenye bodi lazima upite dayodi mbili zilizofuatana, moja ya upande wa chanya na moja ya upande wa hasi, na katikati yao uko uzi wa koili. Dayodi moja ikiharibika, nyingine bado hufunga njia, na mwenye gari hajui lolote. Betri huanza kulala pale ambapo ya pili nayo inachoka. Kwa hiyo ubovu wenyewe huenda ulianza muda mrefu kabla ya Jumatatu ya kwanza, na betri yetu ya zamani, ambayo tuliitupa, pengine haikuwa na kosa kubwa kuliko lile la kumalizwa moto mara kwa mara.

Jioni iliyofuata, waya ukiwa umerudishwa, nilipima mara tu niliporudi kutoka Mambrui, injini ikiwa bado ya moto, na mita ikasoma 0.52 badala ya 0.37. Dayodi ni za aina ya vitu ambavyo mvujo wake huongezeka kwa joto, na altaneta imefungwa ubavuni mwa injini. Nalitaja hili kwa sababu gari likipelekwa gereji asubuhi baada ya kusimama usiku kucha, linaweza kusoma namba ndogo yenye kutuliza, na mwenye gari akaambiwa hakuna tatizo. Kama mvujo unashukiwa na hauonekani, pima tena gari likiwa limetoka safari.

Fundi, niseme kwa uadilifu, hakuwa mbishi. Nilimwonyesha vipimo viwili, altaneta ikiwa imeungwa na ikiwa imefunguliwa, akavikubali papo hapo. Ila pendekezo lake la kwanza lilikuwa kuweka katauti: swichi kwenye waya wa hasi, unaizima ukishuka na kuiwasha ukipanda. Pwani yetu imejaa magari yenye katauti, na kwa mtu anayetaka kufika nyumbani leo silikatai. Kama tiba silikubali. King'ora hakifanyi kazi, saa na redio husahau kila kitu kila siku, na siku moja mtu mwingine wa nyumbani ataendesha gari na kusahau kuizima. Zaidi ya yote, dayodi zilizoanza kuvuja haziponi. Zitaendelea kuchakaa mpaka kuchaji nako kuharibike, na itakuwa barabarani.

Altaneta ilifunguliwa na fundi anayeshughulika na altaneta na stata tu. Alizipima dayodi moja moja, ncha za mita zikigeuzwa kila mara: nzima husoma upande mmoja na kukataa upande mwingine, na mbili za kwetu zilisoma pande zote. Alinipa hiari ya kununua altaneta ya mtumba kutoka Japani au kubadilisha sahani ya dayodi peke yake. Nilichagua sahani, ikaletwa kutoka Mombasa, kwa kuwa koili na beringi zetu zilikuwa nzima, na altaneta ya mtumba ina dayodi za umri ule ule nisizojua zimepitia nini. Atakayechagua ya mtumba aombe ipimwe dayodi hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Ni kazi ya dakika chache. Kofia ya mpira nayo tuliweka mpya, na nati ikasafishwa na kupakwa mafuta.

Betri ya pili ilikuwa imeumia. Betri za kuwashia gari hazikuundwa kumalizwa moto; zikilala tupu, sahani zake za risasi hufanya ukoko mgumu wa salfeti ambao kila siku unaoachwa huzidi kugoma kutoka. Tuliichaji polepole, kwa ampea nne hivi, usiku kucha, na ikarudi kusoma 12.6. Inafanya kazi, ingawa fundi aliipima kwa kuibebesha mzigo akaona haina nguvu yote ya betri ya umri wake. Gharama hiyo nayo naihesabu katika gharama ya kutopima mapema.

Gari sasa linavuta 0.03 likiwa limezimwa, baridi au moto, na Jumatatu linawaka kama siku nyingine. Hata hivyo 0.03 si sifuri. Kwa siku 30 ni ampea-saa 22 hivi, na joto letu la kaskazi huifanya betri ipoteze moto wake yenyewe haraka zaidi hata bila kuguswa. Kwa hiyo likizo ya Desemba, shule zinapofungwa na safari za Mambrui zinapokoma, huwa siliachi uani mwezi mzima. Kila baada ya wiki mbili naliendesha hadi Kilifi na kurudi, mwendo wa kutosha kurudisha moto uliopungua. Na nikijua nitakuwa mbali na nyumbani kwa muda mrefu, nachukua spana namba 10 na kufungua hasi.